Besi Nyeusi ya Sirari

Mzee Simioni wa Kisaka alinunua ng'ombe maisha yake yote bila kumgusa hata mmoja. Kazi ya kugusa ilikuwa ya mdogo wake. Wawili hao waliingia mnadani kama watu waliokutana njiani. Mdogo alizunguka kimya, akifunua midomo ya madume, akipapasa nundu, akichungulia kinyesi aone kama mnyama anaharisha. Mkubwa alikaa na mwenye mali akapiga soga, akishusha bei taratibu kama mtu anayeteremsha mzigo wa mayai. Mmoja alikuwa jicho, mwingine mdomo. Jicho halitaji bei, mdomo haugusi mnyama. Jicho likihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, maana yake lipa. Likigeuza mgongo, mdomo unainuka palepale, unaaga na kufuata, hata kama bei imeshuka mpaka inatia huruma. Na hakuna kuulizana. Jicho linaloulizwaulizwa huanza kuogopa, na jicho lenye woga ndilo linalonunua ng'ombe mgonjwa.

Katika watoto wa mzee huyo, aliyeyashika mambo hayo ni binti yake Waisiko, tena bila kufundishwa, kwa kukaa tu nyuma ya baba mnadani na chupa ya maji. Aliolewa Tarime. Mume alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mke mwingine badala ya dhahabu. Waisiko hakulia sana, aliingia sokoni na mitumba. Kwenye kununua belo, mama mmoja jirani ndiye alikuwa jicho lake: yeye anafungua kona ya belo, anavuta shati moja, ananusa, Waisiko anakaa na muuzaji. Wakapata. Baadaye akanunua spika mbili chakavu, akazikodisha kwenye maharusi. Alipoona kwamba anayeimba anaondoka na bahasha nene kuliko mwenye spika, akaona bora aimbishe mwenyewe. Binti yake Judith alikuwa na sauti na alijua kinanda kidogo. Ndivyo ilivyozaliwa Mori Bendi.

Watu wa Tarime husema Waisiko anapenda muziki. Anaupenda kama anavyoipenda mvua: ije kwa wakati wake na iache kitu shambani.

Mpiga besi wake alikuwa Deus. Alitoka upande wa Mugumu akiwa kijana mwembamba, vidole vimezoea nyuzi za litungu la babu yake, akaomba kazi ya kubeba spika. Siku moja mpiga besi wa kukodi hakutokea, bwana harusi ameshaingia ukumbini. Deus akaishika ile besi, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeishika. Miaka sita. Alimwita Waisiko dada, alikula kwake, na mke wake Tabitha alipojifungua, supu ilitoka jikoni kwa Waisiko wiki nzima. Waisiko si mtu wa kumwamini mtu kwa sura. Deus alimwamini kwa kazi. Ikawa kila wanapokwenda kununua kitu cha bendi, waya au kipaza sauti, yule mama wa mitumba anabaki nyumbani na Deus ndiye jicho. Hakuwa na fimbo, kwa hiyo alihamisha begi lake kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Hawakuwahi kununua kitu kibovu.

Shida ilikuwa besi yenyewe. Waliyokuwa wakiipiga ilikuwa ya kuazima, mali ya kwaya ya kanisa moja la pale mjini. Kwaya ikapata mpigaji wake, ikaja kuchukua chake. Bendi ikabaki inapiga besi kwa kinanda, Judith akicheza wimbo kwa mkono wa kulia na besi kwa mkono wa kushoto. Kwenye harusi za vijijini hakuna aliyelalamika. Lakini huko Nyamongo alikuwepo Sadick.

Sadick alikuwa na ukumbi nyuma ya maduka, karibu na njia ya kwenda mgodini. Hakuuza pombe. Aliuza pilau, soda na nafasi ya kukaa na familia, na kila Jumamosi wafanyakazi wa mgodi walijaa pale na wake zao. Alikuwa anatafuta bendi ya kudumu. Alikuja kuwasikiliza Mori Bendi kwenye harusi moja, akakaa mpaka mwisho, akamfuata Waisiko nyuma ya jukwaa.

"Binti yako anaimba, sina neno," alisema. "Ila hiyo besi ya kinanda, mama, inalia kama mtu anayegonga ndoo. Leta besi ya nyuzi. Ukileta, Jumamosi zote ni zako mpaka mwaka uishe."

Jumamosi zote. Anayejua biashara ya mitumba anajua maana yake. Ni kuacha kukaa juani, kuacha kuamka alfajiri kugombea belo, na kujua leo utakachopata wiki ijayo. Waisiko alikuwa amevuka miaka arobaini na nane na magoti yalishaanza kumdai. Alikwenda nyumbani, akatoa alichonacho, kikawa laki tano. Haikuwa tano na kidogo.

"Kwa laki tano tunapata," Deus alimwambia. "Si mpya. Mpya ya laki tano ni ya kutundika ukutani. Tutafute iliyotumika."

Wakapanda gari la Sirari asubuhi, kwa sababu vyombo vya muziki vinavyotoka Nairobi huvuka mpaka kutoka Isebania na vingine havipiti zaidi ya Sirari. Njiani Deus alimfundisha.

"Rangi usiitazame, dada. Rangi ni nguo. Tazama shingo. Unaishika hivi, kama mtu anayelenga bunduki, unatupa jicho kutoka chini mpaka juu. Ikiwa imepinda kama upinde, achana nayo."

"Kama mgongo wa ng'ombe."

"Hivyo hivyo. Halafu funguo za kukazia. Unakaza, unauvuta uzi kwa nguvu, unausikiliza tena. Ukikuta umeshuka, funguo zimeisha meno. Utakuwa unakaza mpaka bibi harusi azeeke."

"Na uzito?"

"Ikiwa nyepesi sana, hizo ni mbao za maboksi. Nyuzi zikiwa na kutu zisikutishe, nyuzi zinanunulika. Waya unauchomeka, unautikisatikisa. Ikikwaruza, hiyo ni kazi ya fundi tu, wewe unaitumia kushusha bei."

"Nyuzi nne au tano?"

"Nne zinatosha. Wa tano ni wa kuringia kanisani."

Waisiko akacheka. Alikuwa na furaha siku ile, jambo ambalo baadaye alilikumbuka kwa hasira kuliko mengine yote.

Duka la Yassini liko nyuma ya ofisi za mawakala wa forodha. Babu yake alitoka Pangani, yeye amezaliwa hapo hapo Sirari, na Kiswahili chake kina adabu ya pwani na hesabu ya mpakani. Spika zimepangwa mpaka darini. Juu ya benchi alikuwa amekaa dereva wa lori kutoka Kenya, anangojea karatasi zake.

"Mama Judith, karibu," alisema Yassini. "Leo umekuja kununua au umekuja kunionea?"

"Nimekuja kupumzika. Jua kali."

"Anayepumzika huagiza soda."

"Agiza wewe. Duka ni la kwako."

Deus alishapita ndani, akimsalimia kila mtu. Ukutani ziliegemezwa besi kadhaa. Aliishika moja nyeusi, kuukuu, rangi imechubuka pale mkono wa mpigaji unapoegemea, mbao imebaki uchi na imelainika kama mpini wa jembe. Waisiko alipoiona tu moyo ulimwambia kitu. Kwenye mitumba, koti lililochakaa viwikoni ni koti lililopendwa. Linalong'aa mpaka leo ni lile ambalo kila mtu alilivaa mara moja akalirudisha kabatini. Lakini huo ulikuwa moyo, na kazi ya siku ile haikuwa ya moyo.

"Hii nayo ni ya marehemu gani?" aliuliza. "Inaonekana ilizikwa ikafukuliwa."

"Hiyo ni ya Mjapani, mama. Imepigwa Nairobi miaka na miaka na haijawahi kulia vibaya. Laki saba."

"Laki saba ni ndama wawili, Yassini. Na hii haikamuliwi."

"Madam, hiyo kitu iko sawa," dereva wa Kenya aliingilia. "Skiza tu vile inalia."

"Kumbe wewe ndiye uliyeiiba?"

Dereva akacheka mpaka akaegemea spika. Deus akachomeka waya, akapiga. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa nene, ikapita sakafuni, Waisiko akaisikia kwenye nyayo kabla ya kuisikia masikioni. Deus akakunja uso. Akavuta uzi, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akaishika shingo kama anayelenga bunduki, akaguna. Yote hayo Waisiko aliyajua, ndio mchezo wao: jicho huponda ili mdomo upate pa kushikia.

Wakashuka. Saba ikawa sita na nusu, sita, tano na nusu. Yassini aliapa kwa watoto wake, Waisiko akawatakia watoto afya njema na kuongeza kwamba hakuja kununua watoto. Walipofika laki tano, Waisiko akageuza macho kwa Deus. Hapo walishafika, hela ilikuwepo. Deus akapita karibu yake kama anayetafuta waya mwingine, akasema chini chini, "Endelea, dada. Bado ana nafasi."

Akaendelea. Tena aliendelea kwa raha, kama mtu aliyeambiwa anaimba vizuri. Kutoka pale alipokaa aliiona ile shingo, imeegemea mkono wa Deus, na kwa macho yake ilikuwa imenyooka kama rula. Angeweza kuinuka, akaishika, akalenga. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amefundishwa. Lakini mdomo haugusi mnyama. Tangu kwa baba yake haugusi.

"Nne na nusu," Yassini alisema hatimaye, mkono kifuani. "Hapo ndipo mwisho wa dunia. Hapo nakula hasara mbele ya mashahidi."

Waisiko alishapeleka mkono kwenye pindo la kitenge zilipofungwa hela. Deus akaiweka ile besi chini, polepole, akageuza mgongo, akaenda upande wa pili wa duka.

Waisiko akaachia pindo.

"Ngoja kwanza tukae nalo, Yassini."

"Mama. Umeniteremsha mlima mzima halafu unaniacha bondeni?"

"Bondeni kuna maji. Pumzika."

Deus alikuwa mbele ya besi nyekundu, mpya mpya, nailoni bado iko kwenye mwili wake. Akaipiga kidogo, akaigeuza huku na huku, na begi likatoka bega la kulia likaenda la kushoto. Waisiko akashusha bei ya hiyo bila hamu, ikaishia laki tatu na nusu, akalipa. Walipotoka nje, Deus akasema, "Ni shingo, dada. Imepinda."

"Sikukuuliza."

"Najua. Nakwambia tu. Kwa macho huioni. Baada ya mwaka ingekuwa upinde."

Jicho halijielezi bila kuulizwa. Neno hilo lilimpitia Waisiko kichwani, akaliacha lipite. Deus akasema anabaki kidogo Sirari kumsalimia mjomba wake. Waisiko akarudi Tarime peke yake na besi nyekundu mapajani, akihesabu laki moja na nusu aliyoiokoa.

Mazoezini ile nyekundu ilionyesha tabia yake. Ikipoa inasema hivi, ikipata joto inasema vingine. Uzi mnene ulishuka kila baada ya wimbo, na ukibonyeza juu shingoni unasikia mlio kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Judith akalalamika. Deus akasema ataizoea, chombo kipya ni kama kiatu. Waisiko akakubali, kwa sababu aliyesema ni Deus.

Jumamosi ya kujaribiwa ikafika. Ukumbi wa Sadick ulijaa. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Katikati ya wa pili uzi ukashuka, Judith akawa anaimba huku na besi inaomboleza kule, watu wakaacha kijiko hewani wakatazamana. Deus akakaza. Ukashuka tena. Mama mmoja mezani akasema kwa sauti, "Huyo mwenye gitaa anaumwa tumbo?" na meza nzima ikacheka.

Sadick alikuja baada ya hapo, mikono nyuma.

"Mama Judith, naona mnakokwenda, ila hamjafika. Nawapa Jumamosi ijayo. Mkija na besi, tunaongea. Msipokuwa nayo, kuna kikundi kingine kimeshaniomba."

"Kikundi gani?"

"Kimeniomba tu. Sijakisikia."

Deus alikuwa anakunja waya, macho chini, mviringo juu ya mviringo, vizuri kabisa.

Waisiko hakulala akilia. Bidhaa mbovu inarudi ilikotoka, ndivyo alivyoishi. Jumanne aliifunga ile nyekundu kwenye shuka, akaenda Sirari peke yake, na laki moja na nusu yake kwenye pindo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: amrudishie Yassini nyekundu, aongeze hela, achukue ile nyeusi hata kama imepinda. Iliyopinda kidogo ina mwaka. Nyekundu haikuwa na wiki.

"Ile yenye shingo mbovu bado ipo?" aliuliza.

Yassini alimtazama kama anayetafuta mzaha ulipojificha.

"Shingo mbovu ipi, mama?"

"Ile nyeusi."

"Nyeusi si mlichukua? Alirudi kijana wako siku ile ile, jua halijazama. Akasema wewe umemtuma, mmeshauriana njiani, bei ni ile ile uliyoniachia. Nikamfungia. Nikajua mmenunua mbili, bendi imekua. Na shingo yake haikuwa na kitu. Ningekuuzia wewe kitu kimepinda, mama? Kesho ningeuza kwa nani?"

Waisiko akakaa juu ya spika. Akaomba soda, akailipia mwenyewe, jambo lililomtisha Yassini kuliko kelele yoyote.

"Siku ile nashusha bei," alisema, "Deus alikuwa anafanya nini upande wako?"

"Uso, mama. Kila ukishusha, yeye ananitazama na kutikisa kichwa kama mtu aliyeona maiti. Mimi mchezo wenu naujua siku nyingi. Nilijua anakusaidia."

"Alinisaidia," alisema Waisiko.

Hakuibadilisha ile nyekundu. Aliibeba ilivyo kwenye shuka lake mpaka kwa Deus, kwenye vyumba vya kupanga kule nyuma ya soko. Tabitha alikuwa anachambua mboga, akasimama haraka.

"Shikamoo, dada. Karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe yupo?"

Mwenyewe alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, nyeusi iko mapajani, anaifuta kwa kipande cha kanga. Hakuificha. Labda ilikuwa kubwa mno kuificha, labda alikwishachoka kuificha.

"Nipe," alisema Waisiko.

Akampa. Waisiko akaipandisha begani, akafumba jicho moja, akatupa lingine kutoka chini mpaka juu. Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imenyooka."

"Imenyooka, dada."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeinunua."

Ilikuwa kweli.

"Ningeinunua, wewe ungeipiga."

"Ya kanisa niliipiga. Yako ningeipiga. Siku ukinichoka, au mimi nikichoka, natoka na vidole vyangu tu. Wewe mwenyewe huwa unasema, asiye na chombo chake ni kibarua."

"Nilikuwa namsema dereva wa bodaboda."

"Nilikuwepo. Nilisikia."

"Hela ulitoa wapi?"

"Niliuza dume la mama."

"Lini?"

Deus akakuna goti. "Kabla ya kwenda Sirari."

"Kwa hiyo asubuhi ile kwenye gari, unanifundisha shingo na funguo, hela unayo mfukoni."

"Nilikuwa nayo."

"Na uliponiambia niendelee, bado ana nafasi?"

"Nilikuwa naomba ufike nne na nusu," alisema Deus, na sauti yake haikuwa ya dharau. Ilikuwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kazi. "Ndiyo niliyokuwa nayo. Mimi bei siwezi, dada. Ningekwenda mwenyewe angenimalizia kwenye sita."

Tabitha aliacha mboga. Waisiko aliirudisha ile besi mkekani, akaiweka vizuri isigonge. Mpaka hapo, kama ni kusema ukweli, angeweza kumwelewa. Mtu amemzidi ujanja. Yeye mwenyewe alishawazidi wengi na hakuwahi kurudi kuwaomba radhi. Angemtukana siku mbili, angemnunia mwezi, halafu wangekaa wapange upya malipo ya mtu mwenye chombo chake. Aliinuka aondoke. Ndipo shuka likateleza kwenye ile nyekundu na yeye akaiona, nailoni bado imebanwa pembeni.

"Na hii?" aliuliza. "Hii uliijua."

Deus akakunja kile kipande cha kanga.

"Ungegeuka tu, mura. Ungegeuza mgongo na hii pia, nikarudi na laki tano zangu. Nani alikulazimisha uhamishe begi?"

"Ungetafuta nyingine."

"Ningetafuta."

"Ungeipata. Wewe unapata. Ungempata na wa kuipiga." Akaangalia mlangoni. "Na Sadick anataka bendi moja tu."

Tabitha akaingia ndani na sufuria yake. Hakutoka tena.

Waisiko alisimama pale mpaka jogoo wa jirani akapita kati yao akaenda zake. Kikundi kilichomwomba Sadick sasa alikijua. Alijua pia kwa nini Deus alikaza uzi Jumamosi ile kwa utulivu vile, bila kutoa jasho. Hakuwa anapigana nao. Alikuwa anangojea ushuke.

"Supu ile," alisema, halafu hakumalizia, kwa sababu hakuwa mtu wa kutaja chakula alichompa mtu. Akaichukua besi yake nyekundu akaondoka.

Judith alimsihi watafute mpigaji mwingine. Waisiko aliuliza Tarime, akauliza mpaka Mugumu. Wapigaji walikuwepo, wa siku moja, wa harusi moja, na hakuna aliyejua nyimbo zao. Miaka sita haifundishwi kwa siku nne. Na besi ya kupigia hawakuwa nayo.

Jumamosi alikwenda Nyamongo peke yake, jioni mapema. Mteja kama Sadick huagwa uso kwa uso, si kwa simu. Alipoingia ukumbini jukwaa lilikuwa na watu: kijana wa kinanda asiyemjua, mpiga ngoma, binti mwembamba mbele ya kipaza sauti, na pembeni Deus na ile nyeusi. Binti sauti yake ilikuwa ya kawaida, Judith angemmeza bila maji. Lakini besi ilipita sakafuni, ikapanda miguu ya viti, na watu waliokuwa wanakula walianza kutikisa mabega bila kujijua. Mtoto mmoja alishuka mapajani kwa mama yake akaanza kuchezacheza. Ilikuwa ile ile sauti. Waisiko aliisikia nyayoni, kama siku ile.

Sadick akavuta kiti akakaa karibu naye, akaagiza soda mbili.

"Ameniambia leo hamji. Kumbe huyu si kijana wako tena?"

"Alikuwa."

"Anataka mkataba mpaka mwisho wa mwaka. Na nusu ya malipo mbele, anasema anunue spika zake." Sadick alimimina soda taratibu isipande povu. "Wewe umekaa naye. Nakuuliza kama mfanyabiashara mwenzangu. Nimpe?"

Lilikuwa jambo la neno moja. Hata neno lisingehitajika, kutikisa kichwa kungetosha, kama mtu aliyeona maiti. Waisiko aliuonja ule uwezo mdomoni. Alimfikiria Deus anaambiwa ashuke jukwaani, anakunja waya wake mviringo juu ya mviringo. Ingekuwa haki. Lakini anayeponda mali asiyoinunua ni mmbea, na sokoni mmbea husikilizwa siku moja tu. Na yeye mwenyewe alikuwa bado anamhitaji Sadick, kama si mwaka huu basi mwingine.

"Kupiga, anajua," alisema.

Sadick akangoja. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi.

"Sikuuliza kupiga, mama. Nimeuliza kumpa hela mbele."

"Nimekusikia. Nimekujibu nilichonacho."

Sadick alimtazama, akatazama jukwaani, akazungusha pete kidoleni.

"Basi atalipwa akishapiga," alisema. "Kila Jumamosi na yake. Na ninyi?"

"Sisi hatuna besi."

"Mkipata?"

"Jumamosi zako umeshampa mtu, Sadick. Usinipe maneno."

Deus alimwona wakati huo. Aliinua kidevu kumsalimia, kidogo, kwa mazoea ya miaka, huku vidole vikianza wimbo mwingine. Ulikuwa wimbo wa Mori Bendi, ule waliotunga sebuleni kwa Waisiko. Binti mwembamba akaushika kwenye mstari wa kwanza, maneno yote anayajua.

Waisiko aliinuka akaacha soda nusu. Nje bodaboda zilikuwa zimejipanga, kijana wa kwanza akawasha pikipiki kabla hajaulizwa.

"Mama, wapi?"

"Tarime mjini."

Kijana akataja nauli, ile wanayomtajia mgeni. Waisiko akakunja kitenge, akapanda bila kuishusha.